Bamba la Katikati



Leo naanza kwa kuomba radhi. Nina jirani, ukuta kwa ukuta, ambaye husikiliza kipindi hiki huku akikuna nazi. Kwa wiki tatu sasa amekuwa akisikia kre, kre, kre kutoka bandani kwangu, tangu baada ya swala ya magharibi mpaka watoto wanapolala. Juzi akamtuma mwanawe wa kati. "Shikamoo. Mama anauliza kama unakata nondo." Marahaba, mwanangu, mwambie mama si nondo, ni tupa. Nachonga bamba la alumini lenye unene wa milimita 8, na tupa yenyewe imechoka kuliko mimi.

Naomba nikieleze kisa chote, huenda jirani akinielewa atanisamehe.

Marehemu mjomba wangu alikuwa bwana shamba huko Lushoto, na usafiri wake ulikuwa BSA C15, pikipiki ya Kiingereza ya silinda moja. Ukiipima kwa haki ni cc 247, ingawa kila mtu aliiita mbili hamsini. Alipostaafu, ikateremshwa Tanga juu ya lori la kabichi, ikaegeshwa bandani, kuku wakaifanya kiota. Kisha, nikiwa safarini, ndugu mmoja ambaye simtaji kwa kuwa tunakula sinia moja, akaing'oa injini na kuiuza kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nilirudi nikakuta fremu, magurudumu mawili, tangi lililoota kutu, na pale katikati hewa tupu.

Mwaka mzima nilikuwa nikiitazama ile hewa. Mwishowe nikapata injini ya bodaboda, ya Kichina, cc 150, iliyookolewa kwenye pikipiki iliyogongwa. Nikaipandisha juu ya vipande vya mbao ndani ya fremu ya mjomba, nikarudi nyuma hatua mbili kutazama. Zile sehemu zenye matundu ya kushikia injini mafundi wetu huziita masikio. Fremu ina masikio yake, injini nayo ina yake. Na masikio hayo, msikilizaji, hayakusikilizana hata kidogo.

Kinachoyapatanisha ni bamba. Mafundi wanasema pleti. Ni kipande bapa cha chuma au alumini, upande mmoja kimetobolewa kufuata masikio ya fremu, upande wa pili kufuata masikio ya injini. Hakina namba ya spea na dukani hakiuzwi, unakichonga mwenyewe. Nami kadiri ninavyosugua tupa ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba roho ya pikipiki ya kuunda nyumbani imo kwenye kibamba hicho, ambacho ukishamaliza kazi hakuna mgeni hata mmoja atakayekiona. Wageni husifia tangi.

Shahidi wangu mkubwa ni pikipiki ya Kiingereza ya miaka ya 1950 iitwayo Triton. Ukipekua katalogi za viwanda vikubwa vya wakati ule huioni, kwa sababu ilizaliwa kwenye mabanda ya uani. Jina lake limeungwa kama yenyewe ilivyoungwa, Tri ya Triumph na ton ya Norton, maana injini ni ya huyu na fremu ni ya yule. Utauliza, watu wazima wenye akili zao wanaendaje kung'oa injini ya kiwanda kimoja na kuitia kwenye mwili wa kiwanda kingine? Hapo pana mkasa.

Norton walikuwa na pikipiki ya mashindano iliyoitwa Manx. Injini yake ilikuwa tamu, lakini fremu ilikuwa imepitwa na wakati. Akaja Rex McCandless kutoka Belfast, mtu aliyejifunza ufundi kwa mikono yake mwenyewe, akabuni fremu ya mabomba mawili, moja la kulia na moja la kushoto, kila moja likiizunguka injini kama kitanzi na kupishana na mwenzake kwenye shingo ya usukani. Nyuma akaweka mkono unaocheza juu ya shokomzoba mbili. Mpanda mashindano Harold Daniell alipoijaribu alisema ni kama kulala juu ya godoro la manyoya, na jina likaganda hapohapo, Featherbed. Mwezi Juni 1950, kwenye mbio za Senior TT katika kisiwa cha Isle of Man, Geoff Duke alimaliza wa kwanza juu ya fremu hiyo, na wa pili na wa tatu nao walikuwa juu ya Norton.

Sasa hamia upande wa magari. Miaka hiyohiyo Waingereza walikuwa wamekolewa na mbio za vigari vidogo vya cc 500, vigari vinavyoendeshwa kwa injini za pikipiki. Stirling Moss, aliyekuja kuwa dereva wa kutajwa dunia nzima, alianzia humo, ndani ya kigari cha Cooper. Injini iliyotamaniwa ikawa ile ya Manx. Lakini Norton hawakutaka kuuza injini peke yake. Unataka injini? Nunua pikipiki nzima. Basi wenye vigari wakanunua pikipiki nzima, wakachomoa injini, na gofu lililobaki, pamoja na ile fremu iliyoshinda Isle of Man, wakamuuzia yeyote aliyelitaka.

Umeona? Ni banda langu lilelile, fremu na magurudumu mawili na hewa katikati. Ya kwangu ililetwa na njaa ya ndugu, ya Uingereza ikaletwa na ukaidi wa kiwanda.

Upande wa pili walikuwepo Triumph. Mwaka 1937 mbunifu wao Edward Turner alikuwa ametoa Speed Twin, injini ya silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, cc 498. Mwaka 1949 ikafuata Thunderbird yenye cc 649, pistoni za milimita 71 zikisafiri milimita 82. Ilikuwa injini nyepesi, inapatikana kila mahali, na ukiichokonoa kidogo inakupa nguvu zaidi bila kinyongo. Mwili wake ndio uliolalamikiwa, maana ukiikimbiza kwenye kona inajipinda kama mtu aliyebeba gunia bega moja. Kwa hiyo mmoja alikuwa na moyo na mwenzake alikuwa na mifupa, na vijana wakafanya ushenga. Baadaye zikaongezeka fremu kutoka kwenye Norton za barabarani, maana tangu 1952 Dominator 88 nayo ilijengwa kwa Featherbed, na Dominator iliyoanguka ilikuwa rahisi kuipata.

Habari za vijana wenyewe zimesimuliwa sana, sitazirefusha. Walikusanyika kwenye mgahawa wa Ace Cafe, kando ya barabara ya North Circular, London, mgahawa uliofunguliwa 1938 kwa ajili ya madereva wa malori. Ndoto yao ilikuwa kufikisha maili 100 kwa saa, yaani kilomita 161. Wapo wanaosimulia kwamba kijana aliweka sahani ya muziki kwenye mashine, akaruka juu ya pikipiki, akakimbia mpaka mahali palipopangwa na kurudi kabla wimbo haujaisha. Mimi simulizi hiyo naipokea kama ninavyopokea habari za papa wa mita kumi kutoka kwa wavuvi wa Deep Sea pale Tanga. Nasema alaa, nakunywa chai yangu. Wengine walijiunga na klabu ya 59, iliyoanzishwa kanisani mashariki ya London mwaka 1959, na padri Bill Shergold mwenyewe akawa anapanda pikipiki nao. Hiyo ndiyo naiamini, na ina picha.

Turudi kwenye bamba.

Kijana wa London wa mwaka 1960 kwa kawaida hakuwa na mashine ya kukereza nyumbani, kama nami nisivyo nayo. Alikuwa na jiriwa, msumeno wa chuma, drili na tupa. Anafanyaje? Kosa la kila anayeanza, na mimi nimelifanya, ni kuanza na matundu. Kazi huanza na cheni. Spoketi ndogo inayotoka kwenye giaboksi lazima itazamane na spoketi kubwa ya gurudumu la nyuma kama imamu na kibla. Zikipishana milimita chache tu, cheni itakwenda upande, itakula meno, na siku moja itachomoka ukiwa kwenye mwendo. Kwa hiyo unaweka injini juu ya mbao, unafunga uzi wa mwashi kutoka spoketi ya nyuma hadi ya mbele, unasukuma injini kulia, unarudisha kushoto, unaweka kabari, unachungulia kwa jicho moja, unaondoa kabari. Mke wangu aliingia bandani akanikuta nimelala kifudifudi na tochi mdomoni, akatoka bila kuuliza.

Wenye Triton walikuwa na mtihani zaidi ya wangu. Injini za Triumph za cc 650 zilizotengenezwa kabla ya 1963 zilikuwa mbali na giaboksi yake, vitu viwili vinavyounganishwa kwa cheni fupi ya pembeni. Bamba lao lilipaswa kushika injini, kushika giaboksi, na kuacha nafasi ya kuisogeza giaboksi nyuma au mbele ili kukaza ile cheni fupi. Ukikosea hapo umekosea pande zote mbili.

Injini ikishakaa panapotakiwa, ndipo unachukua karatasi ngumu. Mimi nimetumia boksi la sabuni. Kuna ujanja nimeupenda. Unapaka grisi kidogo kwenye uso wa kila sikio, la fremu na la injini, kisha unabandika karatasi na kuibonyeza kwa kidole gumba. Ukiibandua, kila sikio limejichora duara jeusi lenye tundu katikati. Hiyo ndiyo ramani. Unaikata, unaijaribu, unaona mahali inapogonga bomba, unaikata tena. Boksi moja halikutosha, nilimaliza matatu, na sabuni zimekaa uchi kabatini mpaka leo.

Baada ya karatasi ndiyo unaigusa alumini. Mabamba yako mawili, la kulia na la kushoto, unayafunga pamoja kwenye jiriwa na kuyachonga kama kitu kimoja, ili yatoke mapacha. Unatoboa kwanza kwa keekee nyembamba, halafu nene, halafu nene zaidi, bila haraka. Alumini ina tabia ya kung'ang'ania meno ya tupa. Kila misukumo ishirini unasimama, unapiga brashi ya waya, unapaka chaki kwenye tupa, unaendelea. Hapo ndipo inapotoka ile kre, kre ya jirani. Misukumo ikiwa laini ujue tupa imeziba, kwa hiyo mama, ukisikia kimya nami nipo bandani, usidhani nimepumzika.

Kwa nini yote haya yawe sahihi kiasi hicho? Kwa sababu ya mtikisiko. Zile pistoni mbili za Triumph hazipokezani, moja juu nyingine chini. Zinapanda pamoja na kushuka pamoja, kama watoto wawili wanaoruka kamba moja. Sasa wasimamishe watoto hao sakafuni, waruke mara elfu sita kwa dakika. Kila nati inatafuta njia ya kwenda kwao. Tundu la bamba likiwa limezidi unene wa bolti hata kidogo, bolti inaanza kugonga, tundu linakuwa yai, yai linakuwa ufa. Ndiyo maana pia wajuzi wa Triton hawaiachi injini ikae juu ya mabamba ya chini peke yake. Wanaweka kishikizo kingine juu, kutoka kwenye kichwa cha silinda hadi kwenye bomba la fremu. Kipande kidogo tu, urefu wa kiganja, na asiyekijua hukisahau.

Sasa nati na bolti. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoaibika.

Pikipiki za Kiingereza za zama zile hazijui milimita. Ukichukua spana yao iliyoandikwa robo, ukaupima mdomo wake, hukuti robo inchi. Unakuta zaidi ya nusu inchi, milimita 13.3 hivi. Sababu ni kwamba vipimo hivyo vinatokana na Joseph Whitworth, mhandisi aliyependekeza nyuzi za bolti za aina moja kwa nchi nzima mwaka 1841, na spana za mfumo wake huitwa kwa unene wa bolti wala si kwa upana wa kichwa chake. Matokeo yake ni kwamba spana yetu namba 13 haiingii, na namba 14 inaingia kwa furaha, inazunguka, inakula kona za nati mpaka inabaki duara kama andazi. BSA ya mjomba ina nati kadhaa za namna hiyo. Naye mjomba alikuwa mwangalifu, kwa hiyo najua ni za mafundi wa baadaye, na moja, nakiri, ni ya kwangu.

Nyuzi zenyewe ni mtego mwingine. Nyingi kati ya bolti hizo zina nyuzi za baiskeli, nyuzi 26 kwa kila inchi. Mimi nilipoteza bolti moja ya robo inchi inayoshika kinga ya cheni. Nikachukua ya milimita 6 kutoka kwenye kopo. Ikaingia. Nikajisemea, kumbe watu wanatutisha bure na hizi habari za Whitworth! Hebu tupige hesabu pamoja. Robo inchi ni milimita 6.35, kwa hiyo bolti yangu ilikuwa inapwaya. Lakini nyuzi 26 kwa inchi maana yake kutoka uzi mmoja hadi mwingine ni milimita 0.98 hivi, na kwenye bolti ya kawaida ya milimita 6 ni milimita 1. Zinakaribiana mno. Ndiyo maana bolti haikukataa. Iliingia kama mkwe, ikashika kwa ncha za meno tu, nami nikaikaza na kujipongeza. Kesho yake nikaongeza robo ya mzunguko, ikatoka yote na nyuzi zake, laini, kama mtu anavyovua soksi.

Kichekesho ni kwamba inchi haijafa hata kwenye bodaboda. Cheni tunazonunua kila siku, zile zenye namba 428, hatua yake kutoka pini hadi pini ni nusu inchi. Hiyo 4 ya mwanzo ndiyo inayosema hivyo, inchi ikigawanywa kwa nane, sehemu nne. Pikipiki imetoka China, bolti zake ni za milimita, na cheni yake inahesabu kwa vipimo vya Mwingereza.

Kuna mzee mmoja lazima nimtaje nikizungumzia vipimo. Burt Munro, wa Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand. Mwaka 1920 alinunua Indian Scout mpya, pikipiki ya Kimarekani ya cc 600 ambayo mwendo wake wa mwisho haukufika kilomita 90 kwa saa. Akakaa nayo maisha yake yote, akiibadilisha kipande kwa kipande, na baadaye akawa analala humohumo bandani karibu nayo. Pistoni aliziyeyusha na kuzimimina mwenyewe, kalibu zake zikiwa makopo ya zamani. Kipimo cha kupimia unene alikitengeneza kwa spoku ya gurudumu. Vipande vilivyovunjika alivipanga kwenye rafu na kuandika kwamba ni sadaka kwa mungu wa mwendo kasi. Agosti 1967, akiwa na umri wa miaka 68, aliipeleka kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah nchini Marekani. Wakati huo injini ilikuwa imefika cc 950. Akaandikiwa rekodi ya maili 183.586 kwa saa, kama kilomita 295. Wengi wetu tumemjua kupitia filamu ya mwaka 2005 ambayo Anthony Hopkins aliigiza nafasi yake. Mwaka 2014, miaka 36 baada ya kufa kwake, hesabu ya siku ile ikaonekana ilikosewa, ikarekebishwa, na rekodi ikapanda kupita maili 184. Mtu aliyepima kwa spoku akapunjwa na waliopima kwa saa! Na uwanda huohuo wa chumvi ndio uliowapa Triumph jina la pikipiki yao maarufu, Bonneville ya mwaka 1959, ambayo injini yake nayo iliishia kwenye Triton nyingi.

Kama bado unadhani haya ni mambo ya watu wasio na kazi, nakupa Barcelona, mwaka 1965, mbio za saa 24 kwenye kilima cha Montjuïc. Usiku kucha, kona juu ya kona, wapanda wawili wanapokezana pikipiki moja. Walioshinda ni Dave Degens na Rex Butcher, na pikipiki yao ilikuwa Triton iliyoundwa na Degens mwenyewe. Mabamba yake yalishika saa 24. Kwenye mbio kama zile injini yenye nguvu zaidi mara nyingi ndiyo inayofungua nati zake mapema.

Nina neno kwa wanaozifuata pikipiki hizi siku hizi, Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko. Naona picha. Tangi limepakwa rangi ya kupendeza, siti ya ngozi ya kahawia, eksozi imezungushiwa kitambaa kama mguu uliofungwa bendeji. Sina ugomvi na mapambo. Vijana wa boda wanaotundika taa za kijani na kuandika misemo nyuma ya siti wana jicho lao, na mimi huisoma misemo hiyo barabarani kama gazeti. Ninachokiogopa ni grenda. Mtu anakata mkia wa fremu ili siti ikae fupi na picha itoke vizuri, bila kujiuliza shokomzoba za nyuma zilikuwa zinaegemea wapi. Fremu ikikatwa vibaya haipigi kelele siku ileile. Inasubiri abiria.

Mimi mwenyewe nilinusurika kwenye jambo dogo zaidi. Kwenye BSA, kanyagio la breki ya nyuma liko mguu wa kushoto na gia iko kulia, ndivyo Waingereza walivyopenda. Kwenye injini ya boda gia iko kushoto. Nilipoifunga kwa majaribio nikakuta mguu wa kushoto una kazi mbili na wa kulia hauna hata moja. Ningeweza kuacha breki palepale na kujizoeza. Nikakumbuka kwamba mtu akishtuka, mguu hauna muda wa kukumbuka mazoezi. Nikahamisha kanyagio kulia, na mvuto ukapitishwa chini ya injini kwa waya mnene hadi upande wa pili. Kazi ya siku nne, haionekani, na tangi bado lina kutu.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa kijana mmoja mkerezaji, anichongee bushi nne za kukaa ndani ya masikio ya fremu, kwa kuwa yametanuka kwa uzee. Akaigeuza ile fremu, akaingiza kidole kwenye tundu, akafumba macho.

"Mzee wangu, unataka bushi iingie kwa nyundo au kwa kidole?"

Nikamwambia kwa kidole, lakini kidole kilichokasirika.

Akacheka, akaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu ya wino, si kwenye karatasi. Kesho yake zilikuwa tayari, na ziliingia hivyohivyo, kwa kidole kilichokasirika. Bei nayo ilikuwa ya kukasirika kidogo, lakini sikubishana.

Jana usiku nikafunga mabamba yote mawili. Bolti ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu nikaisukuma, ikapita. Ya nne ikagoma. Tundu la bamba na sikio la injini vimepishana unene wa kucha. Nikachukua keekee nene nikitaka kulitanua lile tundu, maana ni dakika moja tu, nani atajua? Kisha nikaikumbuka ile habari ya tundu kuwa yai. Nikampigia simu yule kijana, saa nne ya usiku, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, nikamsikia anatafuna.

"Mzee, bamba la alumini bado unalo?"

"Kipande kipo."

"Basi."

Kwa hiyo jirani yangu mpendwa, kama nazi bado hujamaliza kuikuna, nakuomba wiki nyingine mbili. Nitajitahidi nifunge mlango wa banda.